Kabla Hujaagiza Seva Mpya, Soma Anwani Iliyo Kwenye Onyo

"Shikamoo kaka. Nextcloud yetu inasuasua kila asubuhi, na kwenye ukurasa wa msimamizi kuna onyo kwamba anwani yangu ya mtandao (IP) imepunguziwa kasi kwa sababu ya majaribio ya kubahatisha nywila. Mimi sijabahatisha kitu. Bosi ameshaomba bei ya seva mpya. Nifanye nini?"

Ujumbe huu umenifikia wiki iliyopita kutoka kwa kijana anayetunza mifumo ya ofisi moja Mwanza. Nimeshamjibu faragha. Naandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake, na kwa sababu jambo hili lilinitoa jasho na machozi.

Kwa wachache wasioijua, Nextcloud ni programu huria iliyozaliwa mwaka 2016 ilipojitenga na ownCloud. Unaiweka kwenye seva yenu wenyewe, watu wanatunza mafaili, wanahariri nyaraka pamoja na kutumia kalenda moja. Mimi niliifunga kwa shirika moja Dodoma lenye wafanyakazi mikoa mbalimbali, na ilikwenda vizuri mpaka uongozi ulipoleta fundi wa nje ahamishie mfumo kwenye mashine nyingine. Yeye akaiweka ndani ya kontena la Docker, yaani chumba cha programu kilichotengwa ndani ya mashine chenye mtandao wake, na mbele yake akaweka nginx, programu ya proksi inayopokea wageni wote na kuwapitisha ndani. Akalipwa, akaondoka.

Baada ya hapo asubuhi zikawa mateso. Mtu anaweka jina na nywila, ukurasa unazunguka, unazunguka, sekunde ishirini na zaidi. Wengine wanakataliwa kabisa kwa kosa namba 429, maana yake maombi yamezidi. Ikifika alasiri, mfumo unakuwa mwepesi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikiangalia mashine, prosesa imelala, kumbukumbu ipo ya kutosha, diski ina nafasi tele.

Maonyo kwenye ukurasa wa msimamizi yalikuwa mengi, nikayashughulikia moja moja. Kazi za nyuma ya pazia nikazihamishia kwenye cron, ratiba ya kazi ya mashine yenyewe, kila dakika 5. Kikomo cha kumbukumbu cha PHP, lugha inayoendesha Nextcloud, nikakifikisha MB 512. Faharasa zilizokosekana kwenye hifadhidata nikaziongeza kwa occ, zana ya amri ya Nextcloud: occ db:add-missing-indices. Yote hayo ni mazuri na uyafanye, ila asubuhi iliyofuata watu walilalamika vilevile.

Ndipo nikaitwa kikaoni. Fundi yuleyule alikuwa ameshatoa jibu lake: mashine imechoka, na ankara kifani ya mashine mpya iko mezani. Kiongozi mmoja akasema mbele ya watu wote kwamba haya ndiyo matokeo ya kupenda vitu vya bure. Hakuna aliyeuliza logi, daftari la matukio la mfumo, inasema nini. Mpaka leo nikiyakumbuka maneno yale moyo unachoma, kwa sababu programu waliyoidharau ilikuwa imeshatamka tatizo kwa maandishi, na hakuna aliyejishughulisha kuyasoma.

Onyo moja lilikuwa linakuja na kuondoka. Lilisema anwani yangu imetambuliwa kuwa 172.18.0.1 na imepunguziwa kasi. Nikiwa nyumbani kwa data ya simu nikaona anwani hiyohiyo. Nikampigia mwenzangu mwenye haki za msimamizi aliyekuwa Mtwara: naye 172.18.0.1. Watu wawili, mikoa miwili, mitandao miwili, anwani moja? Hiyo si anwani ya mtu. Ni ya faragha, ya mlango wa ndani wa Docker. Nextcloud ilikuwa kama mlinzi wa geti anayeandika jina la dereva wa daladala peke yake na kuwasahau abiria wote.

Nikafungua nextcloud.log na kuchuja mistari ya kuingia kulikoshindikana. Jina moja lilijirudia mamia ya mara, na kwenye sehemu ya userAgent, inayotaja programu iliyotumika, pameandikwa Nextcloud-android. Mhasibu alikuwa amebadilisha nywila, ila simu yake ya zamani, aliyokuwa akiichaji ofisini kila asubuhi, iliendelea kugonga mlango kwa nywila iliyokufa.

Hapo kila kitu kikakaa mahali pake. Nextcloud inahesabu makosa ya kuingia kwa anwani, wala haiangalii jina la aliyekosea. Makosa yakizidi, inamchelewesha mwenye anwani hiyo hadi sekunde 25, na yakikithiri inamkataa. Kwa kuwa wote tulionekana tunatoka 172.18.0.1, simu moja ilituadhibu shirika zima. Simu ikichomolewa na kuzimwa, mchana tunapumua.

Tiba ilikuwa mistari michache. Nginx iambiwe ipitishe anwani halisi ya mgeni kwa X-Forwarded-For, kichwa cha taarifa kinachoambatana na ombi. Kwenye config.php, faili la mipangilio la Nextcloud, 172.18.0.1 iingizwe kwenye trusted_proxies, orodha ya proksi zinazoaminika, ili Nextcloud ijue kwamba huyo ni mpokezi tu. Adhabu iliyokwisha kuandikwa nikaifuta kwa occ security:bruteforce:reset 172.18.0.1. Mhasibu akaondoa akaunti kwenye ile simu. Mashine ileile "iliyochoka" ikaendelea na kazi, na hakuna aliyerudi kuniambia samahani.

Sasa nisikilizeni vijana wa IT. Mtandaoni mtakuta watu wanawashauri mzime kabisa ulinzi huo wa kuwachelewesha wanaokosea nywila. Msizime. Wengine watasema mwiweke anwani ya proksi kwenye orodha ya zisizozuiwa. Kama proksi bado haipitishi anwani halisi, huko ni kuuzima ulinzi kwa jina lingine, maana dunia nzima inaingia kwa anwani hiyo. Wala msijaze trusted_proxies kwa 0.0.0.0/0, yaani anwani zote za dunia, ili onyo lipotee. Mkifanya hivyo, mtu yeyote ataweza kughushi anwani yake na mfumo utamwamini. Onyo lisomeni neno kwa neno, na namba iliyomo mjiulize ni ya nani, kabla hamjanakili amri ya mtu msiyemjua. Na mkiitwa kikaoni, nendeni na logi mkononi. Kiongozi asiyejua kompyuta anaweza kuelewa jina moja lililojirudia mamia ya mara.

Angalieni pia kwamba Docker ikijenga mtandao wake upya inaweza kuupa anwani nyingine, kwa hiyo uwekeeni mtandao huo masafa ya anwani ya kudumu kwenye faili la compose, lile la mipangilio ya kontena. Mkimaliza, zimeni Wi-Fi, ingieni kwa data ya simu na mkosee nywila kwa makusudi mara moja, halafu fungueni logi. Ikionyesha anwani ya kampuni yenu ya simu badala ya ile inayoanza na 172, seva imeanza kuwaona watu wake.