Mkuu, 00:45 ya Ijumaa ni USIKU WA ALHAMISI

Hutawahi. Umeuliza Dar mpaka Guangzhou ni kilometa ngapi, ndege inatumia saa ngapi na mzigo ni kilo ngapi, halafu mwishoni ukatupia kwamba tiketi ni Ijumaa 00:45, na Ijumaa hiyo saa kumi na mbili jioni ndiyo unafunga duka Kariakoo uende uwanjani taratibu. Uende kumsindikiza nani? Muda huo ndege ina zaidi ya saa kumi na saba tangu iondoke.

Najua kwa sababu 2019 nami nilisafiri hivyo hivyo. Yaani nilisafiri mpaka Terminal 3 ya uwanja wa ndege wa Dar.

Tiketi yangu ilikuwa Jumapili tarehe 13 Oktoba, 00:45. Wakala akaizungushia duara kwa peni nyekundu, akatamka kwa kinywa chake: "Jumapili usiku, saa saba kasoro robo." Basi Jumapili nikaila vizuri, pilau kwa dada, kuagana na ukoo mzima, maandazi ya njiani kwenye mfuko. Saa tatu usiku tukashuka uwanjani, Noah imejaa wasindikizaji. Askari wa mlangoni akaishika karatasi, akaigeuza, akaniangalia kama mfiwa. "Kaka, hii imeondoka jana usiku." Nikabisha! Nikamwonesha na duara.

Nampigia wakala, anakata. Kesho yake Nyerere Day, ofisi imefungwa. Jumanne ndiyo ananiambia eti ningesoma mwenyewe. Nisome nini wakati wewe ndiye uliyelipwa kusoma? Peni nyekundu unayo, kalenda huna?

Na tiketi ya kwenda ilikuwa nusu tu ya msiba. Usipotokea safari ya kwanza, mashirika mengi yanafuta na zote zinazofuata, ya kurudi ikiwemo. Nikanunua upya kwenda na kurudi, kwa bei ya mtu mwenye haraka, kwa dola za mtaji wa friji. Nafasi ikapatikana Alhamisi. Maonyesho ya Canton, yale ya biashara ya hapo Guangzhou, awamu ya kwanza, ya vifaa vya umeme, yalikuwa tarehe 15 hadi 19. Nimetua tarehe 18. Siku moja! Nikarudi na feni za mezani. Maandazi yale niliyala sebuleni, begi likiwa pembeni, watoto wananiuliza China ni hapa?

Kwa hiyo ukiona saa inaanza na 00, 01 au 02, achana na neno "usiku" peke yake. Sema kama redio inavyotangaza msiba: usiku wa KUAMKIA. Usiku wa kuamkia Ijumaa. Alhamisi jioni umeshaoga, begi liko mlangoni. Anayekuuzia tiketi mlazimishe alitamke hilo neno "kuamkia", na akisita usimpe hela.

Kilometa ni kama 8,700 kwa mstari mnyoofu. Ya moja kwa moja ni saa kumi na nusu hivi angani, ya kuunganisha inategemea utakaa wapi kusubiri. Ila usichukue saa ya kufika ukatoa ya kuondoka, wale wako mbele yetu kwa saa tano. Ukiondoka 17:00 unatua kwao 08:30 asubuhi, unadhani umekaa angani saa kumi na tano na nusu.

Leo Jumatano. Kesho mchana duka mwachie kijana, maana foleni ya Tazara, njia ya kwenda uwanja wa ndege, haijui una safari. Saa tatu usiku tupia picha hapa tukuone Terminal 3.