Kuanza kujenga ulimwengu wa kubuni na viumbe wake: badilisha jambo moja, kisha ulifuate linakokwenda

Mleta mada ameeleza kwamba ana hadithi ndefu kichwani inayotokea katika ulimwengu usiokuwepo, na ameuliza mambo matatu: aanzie wapi, awabuni vipi viumbe wake ili wasiwe simba waliobandikwa mabawa, na kama ni lazima mtu awe amesomea sayansi ndipo aiweze kazi hii. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika hadithi za namna hiyo na kuwachorea waandishi wengine viumbe wao, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona yakifaa mezani kwangu.

Mchangiaji mmoja hapo juu ameshauri kuanza na ramani, na mwingine kuanza na historia ya wafalme tangu ulimwengu huo ulipoumbwa. Wapo waliofaulu kwa njia hizo, lakini wengi ninaowafahamu walioanza hivyo wamebaki na ramani nzuri na orodha ndefu ya majina, huku hadithi yenyewe ikiwa haijapata ukurasa wa kwanza. Ramani haimlazimishi mtu kuamua lolote, kwa sababu milima inaweza kuchorwa popote na kila kinachochorwa kinakubalika sawa na kingine. Ninachopendekeza ni kuchagua jambo moja tu ambalo katika ulimwengu wako liko tofauti na huku kwetu, kuyaacha mengine yote kama yalivyo, kisha kulifuata jambo hilo hatua kwa hatua hadi likuletee mambo ambayo wewe mwenyewe hukuyatarajia.

Nitatoa mfano wa ulimwengu ambao bado ninaufanyia kazi. Badiliko lake ni jepesi kulitamka: mwezi uko kwenye nusu ya umbali wake wa sasa, yaani kilomita 192,000 hivi badala ya 384,000. Nilichokitaka kilikuwa mandhari tu, mwezi wenye upana mara mbili ya huu tunaouona. Hata hivyo, nguvu ya mwezi ya kuinua maji ya bahari hubadilika kinyume na kipeo cha tatu cha umbali, na kwa hiyo umbali ukigawanywa kwa mbili nguvu hiyo huongezeka mara 8. Kwa makadirio ya haraka, pwani ambayo leo maji yake hupanda mita 3 kati ya kupwa na kujaa, huko yangepanda mita 24. Kiasi hicho kinaonekana kikubwa mno mpaka mtu akumbuke kwamba katika Ghuba ya Fundy nchini Kanada tofauti hiyo tayari hufikia mita 16 hivi. Mahali ambapo nchi ni tambarare, bahari ya namna hiyo ingeingia bara kilomita nyingi, kisha ingerudi na kuacha uwanda wa tope ambao macho hayaufikii mwisho.

Mwendo wa mwezi nao haubaki ulivyokuwa. Kwa kanuni ya tatu ya mwanaastronomia Johannes Kepler, aliyoichapisha mwaka 1619, kitu kinachozunguka kwa karibu huzunguka haraka, na hesabu yake inaonyesha kwamba huko muda wa kutoka mwezi mwandamo mmoja hadi mwingine ungekuwa siku 10 hivi. Bamvua, yaani maji makubwa ambayo huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ingerudi kila baada ya siku 5, na maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, yangeangukia katikati. Isitoshe, kujaa kwa maji, ambako huku kwetu huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, huko kungechelewa kwa zaidi ya saa mbili na nusu. Hayo yote niliyapata kwa kikokotoo cha simu, nami sikuyabuni. Kazi yangu ya kubuni ilianza pale nilipojiuliza yana maana gani kwa mtu anayeishi humo. Watu wa ukanda huo wanahesabu madeni na ujauzito kwa miezi ya siku 10. Wanakwenda kuokota chaza saa yoyote ambayo maji yamepwa, iwe mchana au usiku wa manane, hivyo jua halina mamlaka makubwa juu ya ratiba yao. Njia ambayo asubuhi inapitwa na wachukuzi wa miguu, alasiri inapitwa na majahazi, na mahakama zao zina kesi nyingi kuliko zetu kuhusu nani mwenye haki ya ardhi ambayo kwa sehemu kubwa ya siku ni bahari. Sikuwa nimepanga kuandika juu ya mahakama, lakini ndiyo sehemu ambayo wasomaji wangu huiulizia zaidi.

Ninasisitiza badiliko moja kwa sababu mabadiliko matano yanayokuja kwa pamoja hayafuatiliki. Msomaji akikutana na mwezi wa karibu, jua la kijani, watu wanaosoma mawazo, miti inayotembea na mvua ya mchanga ndani ya sura moja, ataacha kujiuliza kwa nini, na akishaacha kujiuliza hivyo hatashtuka tena kwa lolote.

Sasa viumbe. Swali ninaloanza nalo kwa kila kiumbe ni anakula nini, na la pili ni hicho anachokula kinapata wapi uhai wake. Kila mlolongo wa chakula huanzia kwa kiumbe kinachojitengenezea chakula chenyewe, na kwa kawaida hicho ni mmea au mwani unaotumia mwanga wa jua. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, kwenye kina cha mita 2,500 hivi, wanasayansi walikuta chemchemi za maji ya moto zilizozungukwa na viumbe chungu nzima mahali ambapo mwanga haufiki, wakiwemo minyoo mikubwa isiyo na mdomo wala utumbo, ambayo hulishwa na bakteria wanaoishi ndani ya miili yao na kutengeneza chakula kutokana na kemikali zinazotoka chini ya ardhi. Kwa hiyo ulimwengu wa gizani unawezekana, mradi uamue ni nini kimeshika nafasi ya jua. Jambo jingine la kuweka akilini ni kwamba katika kila hatua ya mlolongo huo ni sehemu ndogo tu ya nishati, ambayo mara nyingi hukadiriwa kuwa moja ya kumi, inayopita kutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula. Hiyo ndiyo sababu wawindaji wakubwa huwa wachache na swala huwa wengi. Nikisoma habari za kundi la majoka mia linaloishi juu ya mlima wa mawe matupu, ninachojiuliza kwanza ni ng'ombe wako wapi.

Ukubwa nao una masharti yake, ambayo mwanasayansi Galileo Galilei aliyaeleza mwaka 1638. Mnyama akikuzwa mara mbili kwa urefu, upana na kimo, uzito wake huongezeka mara 8, ilhali eneo la mkato wa mfupa unaoubeba uzito huo huongezeka mara 4 tu. Ndiyo maana miguu ya tembo ni minene kama nguzo na ya swala ni myembamba. Siafu aliyekuzwa akawa na ukubwa wa ng'ombe, kwa umbo lilelile, asingeweza kusimama, na hata angesimama asingepata hewa ya kutosha, kwa kuwa wadudu hawana mapafu na hupitisha hewa katika vijibomba vyembamba vinavyofaa mwili mdogo. Mwandishi anayemtaka siafu huyo ana njia kadhaa: anaweza kumweka majini, ambako maji hubeba uzito kama yanavyombeba nyangumi, au kumnenepesha miguu na kumpa mapafu hadi abakie siafu kwa sura ya mbali tu, au kulifanya jambo hilo kuwa ndilo badiliko lake moja. Viumbe wanaoruka wanabanwa zaidi. Ndege wazito kuliko wote wanaoruka siku hizi wana karibu kilo 20, na ingawa Quetzalcoatlus, mtambaazi aliyeruka wa zama za dinosaria, alikuwa na mabawa yenye upana wa mita 10 hivi, mifupa yake ilikuwa na uwazi ndani. Farasi wa kuruka anayebeba mpanda farasi mwenye deraya anahitaji maelezo, au uchawi uliotamkwa wazi kuwa ni uchawi.

Kosa ninaloliona mara nyingi katika michoro ninayoletewa ni la ukoo. Wanyama wote wa nchi kavu wenye uti wa mgongo wametokana na mababu wenye viungo vinne, na bawa la ndege au la popo ni mkono wa mbele uliogeuka. Joka lenye miguu minne na mabawa mawili lina viungo sita, jambo ambalo halikatazwi, lakini mnyama haji ulimwenguni peke yake. Kama joka lina viungo sita, basi lazima awepo mjusi wa viungo sita, na pengine panya na mbwa wa namna hiyo, na hapo ulimwengu wako unaanza kupata sura yake yenyewe. Wanaobandika kichwa cha huyu kwenye mwili wa yule huikosa nafasi hiyo. Mimi katika ulimwengu wa mwezi wa karibu nimebaki na viungo vinne, kwa sababu badiliko langu nilikwisha kulitumia.

Mwindaji wangu wa topeni alitokana na maswali hayo. Chakula chake ni kombe na minyoo inayobaki wazi maji yakipwa, hivyo ana saa chache tu za kula. Tope humeza kitu kizito chenye miguu myembamba, kwa hiyo nilimpa tumbo pana la kuteleza na viungo vya mbele vya kujivuta, nikiiga samaki wa kweli wanaotembea juu ya tope kwa mapezi yao, wakipumua kupitia ngozi yenye unyevu na kuhifadhi hewa ndani ya mashimo yao maji yanapojaa. Kwa uzazi niliazima desturi ya samaki mdogo wa pwani ya California aitwaye grunion, ambaye hupanda ufukweni usiku wakati wa bamvua, hutaga mayai mchangani, na mayai hayo huanguliwa baada ya siku 10 hadi 14, maji makubwa yanaporudi kuyafikia. Katika ulimwengu wangu bamvua hurudi baada ya siku 5, kwa hiyo nililazimika kuamua kama mayai huanguliwa bamvua inayofuata au ile ya pili yake. Niliamua kwamba ni ya pili, na nikapata usiku ambao hakuna mchukuzi anayekubali kulivuka tope kwa malipo yoyote, kwa sababu makinda huanguliwa yote kwa pamoja yakiwa na njaa. Sura nzima ya hadithi ilisimama juu ya uamuzi huo mmoja.

Kiumbe mwingine alikuja bila kutafutwa. Kaa wengi wa pwani wakihamishiwa maabara huendelea kwa siku kadhaa kuamka na kutulia kwa kufuata majira ya maji ya kwao, ingawa maji hayo hawayaoni tena. Nikajiuliza mtu wa pwani anayesafiri bara angefanya nini na mnyama wa namna hiyo, na jibu lilikuwa kwamba angembeba ndani ya kikapu chenye majani mabichi, ili ajue nyumbani maji yamejaa au yamepwa.

Ramani niliichora baadaye, baada ya kujua maji yanafika wapi. Kumbuka tu kwamba mito huungana inapoteremka na ikigawanyika, kwa kawaida ni karibu na mdomo wake, na kwamba upande wa mlima unaopokea upepo wa bahari hupata mvua wakati ule wa pili hukaa mkavu. Kuhusu majina, chagua sauti chache kwa kila taifa la watu wako na usizichanganye. Kuhusu uchawi, amua uchawi huo hauwezi kufanya nini kabla ya kuamua unaweza nini. Programu za kupangia ulimwengu zipo nyingi, lakini daftari linatosha mpaka uwe na kurasa za hadithi zinazohitaji kupangwa.

Nabaki na swali la kusomea sayansi. Si lazima. Hesabu nilizozitaja hapa ni za kuzidisha na kugawanya, na habari za kaa na samaki zinapatikana katika kitabu chochote kizuri cha wanyama, ambacho ninapendekeza ukisome bila kutafuta kitu maalumu. Kinachohitajika zaidi ni kujizuia usimwage hesabu hizo mbele ya msomaji. Katika hadithi yangu hakuna anayemtaja Kepler wala kipeo cha tatu. Kuna mwanamke aliyefika mji wa bara, anafunua kikapu, anamtazama kaa, kisha anamwambia mwenyeji wake kwamba mumewe sasa hivi anafunga jahazi.

Ndugu mleta mada, liandike badiliko lako kwa sentensi moja, kisha mtafute mtu mmoja wa kawaida katika ulimwengu huo, mchukuzi au mkunga kuliko mfalme, na uandike siku yake ya kazi kuanzia anapoamka. Kila utakapokwama ukijiuliza anavaa nini, anaogopa nini au amepanda mnyama gani, hapo ndipo penye jambo la kuamua, na kiumbe wako wa kwanza huenda akatokea kabla mtu huyo hajafika kazini.