Kabla ya kumkalisha mzee kwenye kiti cha magurudumu

Nimefanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka 9 katika makao ya wazee yaliyo nje kidogo ya Kisumu, upande wa kuelekea Ahero, na kosa kubwa kuliko yote ambayo nimeshiriki kuyatenda huko lililetwa na lori la msaada. Tulipokea viti 12 vya magurudumu, vyote vya kipimo kimoja, vipya na vya kung'aa, tukapiga picha na wafadhili, kisha tukawakalisha wazee siku hiyo hiyo. Wakati huo tulikuwa na wakazi 31, na 7 kati yao walikuwa bado wakitembea wenyewe kwenda kwenye ukumbi wa chakula, polepole, huku wakishika ukuta au bega la mhudumu. Miezi minne baadaye walikuwa wamebaki 2.

Hakuna aliyewakataza kutembea. Ni kwamba kumsukuma mzee hadi ukumbini huchukua dakika moja, ilhali kutembea naye huchukua dakika kumi, na wahudumu wa zamu ya asubuhi walikuwa watatu tu, uji ukipoa na mashuka yakisubiri kufuliwa. Kila mmoja wetu alifanya jambo lililoonekana la busara kwa asubuhi ile moja, na asubuhi zile zilipojumlishwa, miguu ya wazee ikaisha nguvu. Misuli ya mtu mzima wa makamo husamehe uvivu kwa muda. Ya mzee haisamehi. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya njema waliolala kitandani kwa siku 10 walipoteza takriban kilo moja ya misuli ya miguu. Hao walikuwa wazima. Mzee aliyetoka hospitalini baada ya nimonia au kuvunjika nyonga huanza safari hiyo akiwa tayari na upungufu.

Ndiyo maana nikiulizwa na jamaa wa mgonjwa, au na wenzangu wanaofanya kazi katika makao mengine huku magharibi, wanunue kifaa gani kwanza, huwajibu kwa kuwauliza kwa nini mzee wao hatembei. Swali hilo huwaudhi wengine, kwa kuwa jibu linaonekana wazi: ni mzee. Lakini nimemwona mama mmoja, tuliyemwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, kama wengine wote wa rika lake, aliyekuwa ameacha kukanyaga chini kwa sababu ya kucha za vidole gumba vya miguu zilizokuwa zimejikunja na kuingia nyamani. Tulizikata baada ya kuzilowesha kwa siku tatu, naye akasimama wiki hiyo hiyo. Mwingine alikuwa na mtoto wa jicho na hakuona mwisho wa sakafu ulipo. Mwingine maumivu ya goti yalimzidi asubuhi, ikatosha kumpa dawa yake nusu saa kabla ya mazoezi badala ya baada ya chakula cha mchana. Wengi walikuwa wamevaa patipati, ambazo humlazimu mtu kuburuta miguu ili zisimtoke, na mzee anayeburuta miguu ataanguka, ni suala la siku tu. Viatu vya kufunga kisigino, vyenye soli nyembamba isiyoteleza, vinauzwa kwa bei nafuu kwenye mitumba ya Kibuye, na kwangu mimi hivyo ni kifaa cha tiba sawa na kingine chochote.

Pima pia shinikizo la damu mzee akiwa amelala, kisha ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, huyo ndiye atakayesema kizunguzungu na kung'ang'ania kitanda, na wewe utamwona mkaidi. Mjulishe daktari aangalie dawa zake upya, na mzoeze kukaa kando ya kitanda akichezesha vifundo vya miguu kabla hajainuka.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie vifaa, na cha kwanza ni kiti cha kawaida. Makochi yetu ya ukumbini yalikuwa ya chini na laini, ya kumeza mtu, na hata mimi niliinuka humo kwa taabu. Kadiri kiti kinavyokuwa chini, ndivyo magoti na nyonga zinavyolazimika kufanya kazi kubwa zaidi wakati wa kuinuka, na mzee ambaye hawezi kuinuka hana nafasi hata ya kujaribu hatua ya kwanza. Tulimpa seremala kazi ya kutengeneza viti vya mbao vyenye mikono imara na kikalio kigumu cha sentimita 48 kutoka sakafuni, na vingine vya sentimita 52 kwa warefu. Katika wiki mbili wazee watatu waliokuwa wakiinuliwa na wahudumu wawili walianza kuinuka kwa kushikwa mkanda wa kiunoni tu. Namna ya kuinuka hufundishwa: sogea hadi ukingoni mwa kiti, rudisha nyayo nyuma ya magoti, inamia mbele hadi pua ipite vidole vya miguu, sukuma mikono ya kiti, simama. Mzee asivute fremu ya kutembelea ili ajiinue, kwa kuwa itamfuata na kumwangukia. Mhudumu naye asimvute mkono, hasa ule uliopoozwa na kiharusi, maana bega la upande huo hulegea na kuchomoka kwa urahisi, na maumivu yake yanaweza kudumu miezi. Tumia mkanda mpana wa kitambaa kizito uliofungwa kiunoni. Wetu ulishonwa na fundi cherehani wa Kondele kwa turubai na bizimu ya mkoba wa shule.

Cha pili ni vyuma viwili sambamba vya kujifunzia kusimama na kutembea. Bei tuliyopewa na muuza vifaa vya hospitali ilituvunja moyo, tukaenda kwa fundi wa jua kali anayechomelea malango, tukampa vipimo: mabomba mawili laini ya inchi moja na nusu, urefu wa mita tatu, nafasi ya sentimita 60 kati yake, na nguzo zenye matundu ili kimo kibadilishwe kwa pini. Bomba linapaswa kufika kwenye kifundo cha mkono mzee akiwa amesimama wima na mikono ikining'inia. Nguzo zilizikwa kwenye saruji. Nasisitiza hilo la saruji kwa sababu nimeona vyuma vilivyoegeshwa tu juu ya mbao, vikicheza kila vinaposhikwa, na mzee akihisi mtikisiko mmoja hatarudi tena hapo. Weka kiti kila mwisho wa njia hiyo. Anayejua kwamba kiti kinamsubiri mita tatu mbele huthubutu kwenda.

Tulianza kwa kusimama tu, dakika moja, mara nne kwa siku, kabla ya kila mlo na kabla ya kulala, kwa kuwa mazoezi yaliyofungamanishwa na chakula hayasahauliki. Wiki ya pili tulihamishia uzito mguu hadi mguu. Hatua zilikuja zenyewe.

Kuhusu fremu na fimbo, makosa ninayoyaona mara kwa mara ni ya vipimo. Mshikio ukiwa juu mno, mabega hupanda hadi masikioni. Ukiwa chini mno, mgongo hupinda na macho hutazama sakafu. Kipimo ni kile kile cha kifundo cha mkono, na kiwiko kibaki kimepinda kidogo. Fimbo hushikwa upande wa mguu mzima, si wa mguu mgonjwa, jambo ambalo karibu kila familia hulikataa nikilisema mara ya kwanza, hadi wajaribu wenyewe na kuona jinsi mwili unavyotulia fimbo na mguu mgonjwa vinapotangulia pamoja. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza na mguu mgonjwa hushuka kwanza. Fremu isiyo na magurudumu ni thabiti lakini hulazimika kuinuliwa kila hatua, kwa hiyo humchosha mwenye moyo dhaifu na humkatizia mwendo mwenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Kwa hao yenye magurudumu mawili ya mbele hufaa zaidi. Lakini magurudumu madogo yanataka sakafu. Katika udongo mweusi wa uwanda wa Kano, huku kwetu, mvua ikinyesha, fremu hizo hukwama hadi kwenye vyuma, na tulilazimika kujenga njia ya saruji kutoka vyumbani hadi chini ya mwembe ambako wazee hupenda kukaa. Mahali palipoinuka tuliweka mteremko kwa kipimo cha sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda. Mafundi walitaka kuufupisha ili kuokoa saruji. Nilisimama pale hadi wakamaliza.

Kagua mipira ya chini ya fimbo na fremu kila mwezi. Ikishaisha mistari yake, ibadilishe.

Simaanishi kwamba viti vya magurudumu havifai. Wapo wakazi wetu ambao bila hivyo wasingeona jua, na kwao ni miguu kamili. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 unaoeleza hatua nane za kumpatia mtu kiti, tangu kuelekezwa kwenye huduma, kuchunguzwa na kuandikiwa kiti kinachomfaa, hadi kukijaribu mwilini, kumfundisha kukitumia na kukikarabati. Sisi tulikuwa tumefanya hatua moja, ile ya kupokea. Kiti kipana mno humfanya mzee aegemee upande mmoja na kupinda uti wa mgongo. Kisicho na mto unaofaa huleta vidonda kwenye makalio, ambavyo nimewahi kuviuguza kwa miezi mitano kwa mtu mmoja. Anayekaa humo anapaswa kujiinua au kuegemea kando mara kwa mara, angalau kila nusu saa, na asiyeweza asaidiwe. Kabla ya kuinuka, breki zifungwe pande zote mbili na vikanyagio vikunjwe. Wengi walioanguka kwetu walikuwa wamekanyaga vikanyagio. Tulivirekebisha viti 5 kati ya vile 12, na sheria yetu sasa ni kwamba anayeweza kutembea hata hatua kumi hukisukuma kiti chake mwenyewe akiwa nyuma yake, kisha hukikalia akichoka.

Jambo lililobadilisha hali zaidi, hata hivyo, lilikuwa daftari. Kila mkazi ana ukurasa wake, na mhudumu wa zamu huandika alikotembea na mara ngapi alisimama. Mara moja kwa mwezi nawapima kwa saa: ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi, aketi. Anayetumia sekunde 12 au zaidi namhesabu kuwa katika hatari ya kuanguka, na namwongezea ulinzi bila kumwongezea kukaa. Daftari liliwapa wahudumu jambo la kujivunia, wakaanza kushindana. Msimamizi naye alikubali kuchelewesha kifungua kinywa kwa nusu saa, kwa kuwa bila muda huo vyuma vyote vingebaki vya kuanikia nguo. Vilevile tuliongeza chakula cha kujenga misuli, na hapa Kisumu hatuna udhuru: omena, mayai na maziwa vinapatikana kila siku.

Kwa wanaolemewa na gharama, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vya ulemavu wake, na mzee aliyepooza anastahili kusajiliwa kama mwingine yeyote. Mpeleke hospitali ya serikali akachunguzwe, asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha aombe kifaa kupitia huko. Huchukua muda, kwa hiyo anza mapema na usimwache kitandani akisubiri. Shirika la APDK, la watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya, lililoanzishwa mwaka 1958, hutengeneza viti humu nchini, na faida ya kiti cha humu ni kwamba gurudumu likiharibika, fundi wa baiskeli atalijua.

Kati ya wale watano walioacha kutembea, watatu walirudi. Mmoja wao, aliyekuwa mwalimu, huenda hadi langoni kila asubuhi kwa fremu kusubiri gazeti, na hugomba likichelewa. Wa nne alifariki kabla hatujamaliza kujenga vyuma. Wa tano hakuweza tena kupiga hatua, kwani magoti yalikuwa yamekwisha kukakamaa, nasi tulimwekea chuma ukutani kando ya choo na kumzoeza kusimama akikishika. Alianza kwa sekunde nane. Sasa hufika dakika mbili. Zamani wahudumu wawili walimwinua na kumvua, mlango ukiwa wazi kwa kuwa nafasi haikutosha watu watatu. Siku hizi huingia na mhudumu mmoja, na kabla hajaguswa vazi lake husema, "Mwanangu, funga mlango kwanza."