Kabla ya kutuma fedha kwa nyumba usiyoiona

Juma lililopita dada mmoja, muuguzi anayefanya kazi Dubai, aliniandikia akiuliza kama atume shilingi milioni 25 za Uganda kwa kampuni inayomwahidi asilimia mbili kila mwezi kutokana na nyumba za kupangisha zitakazojengwa Wakiso, karibu na Kampala, bila yeye kugusa hata tofali moja. Niliusoma ujumbe ule mara tatu, kwa sababu ahadi hiyo naijua neno kwa neno: ndiyo niliyopewa mimi mwaka 2019, na ndiyo iliyonipotezea milioni 18 nilizodunduliza kwa miaka sita.

Walinipokea katika ofisi nzuri mjini Kampala, wakanionyesha michoro ya ghorofa na nakala ya hati ya ardhi. Kwa miezi saba walinilipa bila kuchelewa, nami nikawavuta shemeji yangu na wenzangu wawili wa kazini, jambo ambalo hadi leo linaniuma kuliko fedha zangu mwenyewe. Mwezi wa nane simu zikawa hazipokelewi. Nilipokwenda kwenye kiwanja nilikuta nguzo nne za zege zilizozungukwa na nyasi, nondo zimeshika kutu, na kando yake shamba la migomba la bibi mmoja ambaye, bila hasira yoyote, aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki uliojaa stakabadhi za busuulu, yaani ada ya kila mwaka ambayo mkaaji humlipa mwenye hati ya ardhi, nyingine zikiwa za jina la marehemu mumewe. Ardhi ile ilikuwa ya mailo, umiliki wa Buganda ambamo mwenye hati na anayekaa juu ya ardhi wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Hati ilikuwa ya mtu mmoja na kibanja, yaani kipande anachokalia na kukilima mkaaji, kilikuwa cha mwingine, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamlinda mwenye kibanja kama yule asifukuzwe ovyo. Nilipofanya upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu za hati ile, katika ofisi ya ardhi, nikagundua kwamba hati yenyewe ilikuwa imewekwa rehani benki kabla sijatoa shilingi yangu ya kwanza. Gharama ya upekuzi huo haikufikia bei ya gunia la mkaa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba malipo yale ya miezi saba hayakuwa kodi ya mpangaji yeyote, maana hapakuwa na chumba hata kimoja cha kupangishwa.

Leo ninavyo vyumba vinane Mukono, mizigo kama tunavyoiita hapa, na ninajivunia kila kimoja. Kila chumba hupangishwa kwa 150,000 kwa mwezi, na dalali atakuambia upesi kwamba hizo ni milioni 14.4 kwa mwaka juu ya mtaji wa milioni 120, yaani asilimia 12. Daftari langu linasema vingine. Kila chumba hukaa kama mwezi mmoja bila mtu, hivyo huingia milioni 13.2, kodi ya mapato ya asilimia 12 kwa kile kinachozidi 2,820,000 huchukua zaidi ya 1,240,000, mwangalizi hulipwa 1,200,000, paa, kufuli na gari la kunyonya choo humeza kama milioni moja. Kinachobaki ni takriban asilimia 8. Hati fungani za serikali, ambazo mtu hununua kupitia Benki Kuu kuanzia shilingi 100,000, zimelipa zaidi ya hapo katika miaka ya karibuni. Basi anayekuahidi asilimia 24 kwa mwaka anaahidi mara tatu ya kile kinachotoka katika vyumba vyenye watu ndani, na ni haki yako kumuuliza fedha hizo zinatoka wapi.

Ndugu zangu mlio mbali, msikubali nakala ya hati iliyoletwa na muuzaji. Fanyeni upekuzi wenu wenyewe, mtumeni mtu mnayemwamini akazungumze na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na majirani, aulize nani analima pale na analipa busuulu kwa nani. Kama mwenye ardhi ana familia inayoishi juu yake, ridhaa ya mke au mume iwe ya maandishi.

Dada yangu, waombe namba ya bloku na ya ploti ya ardhi hiyo leo hii, kisha unitumie. Jumatatu nitakwenda ofisi ya ardhi ya Wakiso, na ada ya upekuzi nitailipa mimi.