Kwa wanaoanza kusikiliza vyura wakati wa machipuko

Wengi wanaotaka kujifunza milio ya vyura katika majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani husubiri hadi Juni, usiku unapokuwa na joto na kusimama kando ya bwawa si adhabu. Kwa maoni yangu huo ni mwezi mgumu wa kuanzia, kwani spishi kadhaa hulia kwa wakati mmoja na sikio geni halijui lishike lipi. Anza barafu inapoyeyuka, mwezi Machi au mwanzoni mwa Aprili, wakati wanaolia ni wa aina mbili au tatu tu, kisha yaache majira yenyewe yakuongezee wengine mmoja baada ya mwingine.

Miongoni mwa wa kwanza ni chura wa msituni, Rana sylvatica, ambaye wakati wa baridi huweza kustahimili hata kuganda kwa sehemu kubwa ya maji ya mwili wake. Mlio wake ni mfupi na mkavu, na asiyeujua hudhani kuna bata waliojificha majanini. Usimchelewee, kwa kuwa msimu wake wa kuzaliana ni mfupi mno na bwawa lililokuwa na kelele wiki hii laweza kuwa kimya wiki ijayo. Pamoja naye utamsikia Pseudacris crucifer, chura mwenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, ambaye dume lake hutoa mlio mmoja mwembamba wa juu na kuurudia karibu kila sekunde. Jamaa yake Pseudacris triseriata, anayepatikana zaidi upande wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, unaweza kumjifunza ukiwa nyumbani: chukua kitana cha plastiki, upitishe ukucha polepole juu ya meno yake kuelekea mwisho, usikilize jinsi sauti inavyopanda.

Ugumu wa kazi hii hauko katika kukariri milio. Uko katika kusikia kilichofunikwa. Wale wadogo wa Pseudacris crucifer wakijaa bwawani hupiga kelele ya kuumiza masikio, na chini yake anaweza kuwapo Rana palustris, ambaye mlio wake ni mkoromo hafifu, na wakati mwingine huutoa akiwa ndani ya maji. Ukiendelea kufuata sauti kubwa hutamsikia kamwe. Geuza kichwa taratibu huku na huku, weka viganja nyuma ya masikio, kisha utafute kwa makusudi sauti za chini peke yake. Ukifika, vyura hunyamaza kwa sababu ya hatua zako, na wanaoanza wengi huudhika; mimi nauona ukimya huo kuwa bahati, maana wanapoanza tena huanza mmoja mmoja, na kwa muda mfupi kila sauti husimama peke yake. Zima tochi, tulia, uwe na kalamu mkononi tayari.

Kuhusu saa na hali ya hewa hakuna mengi: nenda angalau nusu saa baada ya jua kuzama, na uuache usiku wa upepo mkali, kwa sababu hautakuambia lolote la kuaminika.

Usijaribu kukadiria idadi ya vyura. Katika jimbo la Wisconsin, ambako milio hii imekuwa ikifuatiliwa tangu 1981 kwa msaada wa watu wa kujitolea, hutumika viwango vitatu: 1 ni pale unapoweza kuwahesabu wanaolia na kuna nafasi kati ya mlio na mlio, 2 ni pale milio inapoanza kupandana ingawa bado unamtofautisha huyu na yule, 3 ni kelele isiyokatika, isiyohesabika. Usiposikia kitu, andika sifuri, kwa sababu ukurasa mtupu haumwambii msomaji kama ulikwenda au ulilala.

Kipimajoto ndicho chombo ambacho wageni hukidharau zaidi. Chura hana joto lake mwenyewe la kudumu, hivyo usiku wa baridi mlio wake hupungua kasi. Jambo hili linakuwa na uzito Mei, wanapoanza vyura wa mitini Dryophytes versicolor na Dryophytes chrysoscelis, ambao kwa macho hawatofautiki, ingawa wa kwanza ana kromosomu mara mbili ya mwenzake. Mlio wa wote wawili ni wa kutetema, na wa chrysoscelis hutetema kwa kasi zaidi; lakini chrysoscelis aliyepoa anaweza kusikika kama versicolor aliye katika joto. Pima joto hapo hapo bwawani kabla hujaamua jina, na kama kipimajoto umekisahau, andika majina yote mawili pamoja na uache nafasi ya kurekebisha utakaporudi.