Miezi 8 na bado anatema vipande

Dada wa Mikindani, nimekuelewa: mwanao wa miezi 8 uji anakunywa, ila akipewa muhogo anakohoa na kutema, nawe unabaki roho mkononi. Wangu wa pili alikuwa hivyo hivyo.

Mkalishe wima. Ponda boga kwa uma, uache vibonge laini. Akizoea, mpe kiazi kilichoiva hadi kinapondeka kwa vidole viwili. Samaki chambua miiba mara mbili. Korosho nzima usimpe hadi afike miaka 5, hata kama zimejaa uani. Saga laini, tia kidogo kwenye uji.

Akikohoa kwa sauti, mwache atoe mwenyewe. Akinyamaza na kubadilika rangi, mlaze kifudifudi mkononi, kichwa chini, umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5, mwenzio akitafuta usafiri wa hospitali. Na kama kila mlo anapaliwa, hata uji, mpeleke kwa daktari wiki hii.