Mtoeni huyo kijana kwenye orodha ya Jumapili, njia hiyo nimeshaipita

Mkuu, litoe jina la huyo kijana kwenye orodha ya mbio za baiskeli za Jumapili ijayo. Litoe leo, kabla hujalala. Mengine tutaongea baadaye.

Nimeusoma uzi wako mara mbili nikidhani labda sijaelewa. Kijana wa klabu yenu alifungiwa miaka 2 kwa dawa zilizokatazwa michezoni, imebaki miezi 5 adhabu iishe, na ninyi mmekaa mkaona ni busara mumrudishe taratibu: apande mbio za kwenda Hombolo, avae namba, ila jina lake lisiandikwe kwenye matokeo. Halafu unatuuliza kama mashabiki wa Dodoma watampokea, kama mdhamini atarudi, na kama anunuliwe baiskeli mpya au aendelee na ile ya zamani. Chini yako watu wanatoana macho. Hawa wanasema mwizi ni mwizi, afungiwe maisha. Wale wanasema binadamu hukosea, mbona Valverde, yule Mhispania aliyewahi kufungiwa, alirudi akawa bingwa wa dunia. Kurasa nzima za ugomvi na hakuna hata mmoja aliyeuliza adhabu imeisha lini. Haijaisha! Sasa mnajadili kurudi kwa mtu ambaye bado yuko ndani?

Mimi nilifungiwa. Kosa la kwanza nitalisema kwa kifupi kwa sababu nimeshalimeza. Mwaka 2016 goti lilivimba siku chache kabla ya mashindano ya nje ya nchi. Kwenye kizahanati cha mtaani nikachomwa sindano ya msuli ya dexamethasone, dawa ya kupunguza uvimbe, goti likanywea, nikashukuru Mungu, nikasafiri. Mkojo ulipopimwa baada ya mbio, ikaonekana. Ni dawa ya kawaida kabisa mahospitalini kwetu, lakini kwa sindano wakati wa mashindano imekatazwa, na kanuni haiulizi nani alikuchoma wala ulikuwa unaumwa nini. Kilichokutwa mwilini mwako ni chako. Kuna kibali cha matibabu ambacho mchezaji anaweza kukiomba, mimi wala sikujua kama kipo. Nikapigwa miaka 2, mpaka mwishoni mwa mwezi wa 9, 2018. Lile lilikuwa kosa la kutojua, nimelilipa. Linaloniamsha usiku ni la pili, na la pili ndilo mnalotaka kumfanyia huyo kijana.

Mwezi wa 8, 2018, zilikuwa zimebaki wiki 6. Sijawahi kuwa na miguu kama niliyokuwa nayo mwaka ule. Karibu miaka 2 nilikuwa napanda peke yangu, natoka alfajiri kwenda Bahi na kurudi, na mnaojua upepo wetu mnajua unavyokusukuma kwenda kisha unakusubiri wakati wa kurudi. Hakuna mgongo wa mtu wa kujificha. Kilomita zaidi ya 100 unazisaga mwenyewe na vumbi lako. Barua yangu ya adhabu ilisema kwamba miezi 2 ya mwisho ninaruhusiwa kurudi kufanya mazoezi na klabu. Mwenyekiti wetu wa wakati huo, simtaji, alikuwa mtu mzima niliyemwita baba mdogo ingawa hatuna undugu. Aliisoma ile barua akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia, akasema, "Si umeona? Wamekufungulia."

Barua ilisema mazoezi. Yeye akasoma mbio. Na mimi, kwa kiu niliyokuwa nayo, nikakubali kusomewa.

Jumapili ile kulikuwa na mbio kutoka Nanenane hadi Chamwino na kurudi. Mshindi laki 3 na mfuko wa mchele. Nilimwambia, baba mdogo, mimi naogopa. Majibu yake nayakumbuka neno kwa neno, na UCI anayoitaja ni chama cha baiskeli cha dunia: "Hizi ni za mtaani, mwanangu. UCI wako Uswisi, Chamwino watakujulia wapi? Na Contador je, si alipanda Giro kesi yake ikiwa bado mezani?"

Hilo la Contador ndilo lililonimaliza, kwa sababu lilikuwa kweli nusu, na nusu nyingine sikuijua. Contador, mpandaji wa Hispania, alikutwa na clenbuterol, dawa iliyokatazwa, kwenye Tour de France ya 2010, akasema imetoka kwenye nyama aliyokula. Chama cha kwao Hispania kikamsafisha mwanzoni mwa 2011, akaendelea kupanda huku rufaa ikisubiriwa, akachukua Giro, mbio kubwa za Italia, ya mwaka huo. Mwezi wa 2, 2012 mahakama ya michezo ikatoa hukumu: miaka 2, ikihesabiwa kurudi nyuma. Tour ya 2010 akanyang'anywa, akapewa Andy Schleck. Giro ya 2011 nayo akanyang'anywa, akapewa Michele Scarponi. Wiki 3 za milima ya Italia, jasho lote lile, likaandikwa jina la mtu mwingine. Na angalieni hapa: alipokuwa anaipanda ile Giro hakuwa hata amefungiwa. Adhabu yake iliisha mwezi wa 8, 2012, mwezi huohuo akaanza Vuelta, mbio kubwa za Hispania, akaishinda, na hiyo hakuna aliyeigusa mpaka leo kwa sababu aliianza akiwa ameshamaliza. Hiyo ndiyo hadithi nzima ya Contador. Mimi nilipewa kipande cha katikati tu, na mtu aliyenipa alikuwa na umri wa kunizaa.

Asubuhi ile namba nilibandikwa na mke wa katibu. Namba 34, karatasi ngumu, pini 4. Pini ya chini kushoto ilikuwa na kutu. Nilipotoa jasho ikaacha doa la rangi ya chai kwenye jezi, na nimelifua kwa kila sabuni, halikutoka. Jezi hiyo ninayo. Kila mara mtu akiniambia "ni mbio ndogo tu" huwa naiona ile pini.

Nilimaliza wa 6. Zawadi ziliishia wa 5. Sikushika hata shilingi.

Pale kwenye mstari kijana mmoja akanipiga picha, namba inasomeka vizuri kabisa. Ikaingia kwenye makundi ya WhatsApp, ikaenda Facebook, jina langu chini yake na maneno "Karibu tena kaka yetu". Watu wakajaza mioyo na makofi. Wewe unauliza kama mashabiki watampokea kijana wenu? Mimi walinipokea. Mapokezi yale ndiyo yaliyokuwa ushahidi. Hakuna aliyenichongea, hakuna adui. Walionipenda ndio walioniweka hadharani.

Barua ya pili ilifika mwezi wa 11. Mbio zile ziliandaliwa na klabu iliyo chini ya chama cha baiskeli, kwa hiyo zinahesabika kama zilivyo mbio nyingine yoyote. Kanuni inasema ukishiriki ukiwa umefungiwa, unaweza kuongezewa kifungo kingine chenye urefu uleule wa mwanzo, kinachoanza pale cha kwanza kinapoishia. Mwezi wa 9, 2018 wangu ukageuka kuwa mwezi wa 9, 2020. Kwa ajili ya asubuhi moja ya Chamwino na nafasi ya 6!

Nilimpelekea mwenyekiti ile barua nikitetemeka. Akaisoma akiwa amesimama vilevile, akasema, "Mimi sikukushikia usukani."

Baba mdogo, kama unapita humu, nakwambia mbele za watu: ulinishikia. Ulinishikia usukani, ukaniwekea na namba mgongoni, na mambo yalipoharibika ukawa wa kwanza kushuka. Nilikuwa na miaka 24 na nilikuamini kuliko nilivyoamini karatasi yenye muhuri. Kulikuwa na timu ya nchi jirani iliyokuwa tayari kunijaribu mwezi uleule wa 11. Nilipowapigia kuwaeleza, yule bwana alinyamaza kidogo, akaniambia pole, akakata simu. Sijapigiwa tena. Baiskeli niliiuza kwa laki 7 kwa mtu wa Majengo, nikapata pikipiki ya mkataba, nikawa napaki Sabasaba. Mama yangu, ambaye aliuza magunia ya karanga ninunue baiskeli ile, hakuniuliza chochote. Alikuwa akiniona tu ninapotoka na kofia ngumu ya bodaboda alfajiri, saa ileile niliyokuwa nikitoka kwenda Bahi.

Sasa rudi kwenye mpango wenu. Kumpandisha bila kuandika jina hakumlindi, kunammaliza. Ukificha jina umeonyesha kwamba mlijua. Mimi angalau ningeweza kujitetea kwamba nilidanganywa, ninyi mtajitetea na nini? Na msifikiri ukimtoa kwenye baiskeli ndiyo imekwisha. Naona mdau mmoja hapo juu anashauri awe anapanda gari la timu kugawa maji, mwingine anasema afundishe watoto wa klabu kwa muda huu. Hapana na hapana. Aliyefungiwa haruhusiwi kushiriki kwa nafasi yoyote ile kwenye shughuli za chama wala za klabu zilizo chini yake. Sio mpandaji, sio kocha, sio wa chupa za maji. Lance Armstrong, ambaye alinyang'anywa Tour de France zake 7 mwaka 2012 na kufungiwa maisha, mwaka 2014 alitaka tu kuungana na rafiki yake George Hincapie kwenye tamasha la baiskeli huko South Carolina. Alizuiwa, kwa sababu lilikuwa limeidhinishwa na chama. Kama yeye hakupita, kijana wa Dodoma atapitia wapi?

Na ninyi viongozi mnaomsukuma, mjue kanuni hiyohiyo inawahusu. Anayemsaidia mtu aliyefungiwa kukiuka kifungo chake naye ana kosa la kwake, na adhabu yake inaanzia miaka 2 na inaweza kufika maisha. Mwenyekiti wangu aliponea chupuchupu kwa sababu nilikuwa mjinga wa kumficha. Kijana wenu anaweza asiwe mjinga kama mimi.

Hesabu yake ni rahisi. Imebaki miezi 5. Miezi 3 ijayo apande peke yake au na marafiki wasio na klabu, barabara ya Kondoa, ya Bahi, ya Mtera, popote, hakuna anayemkataza kupanda baiskeli yake. Kwa kifungo cha miaka 2, miezi 2 ya mwisho anaweza kurudi kufanya mazoezi na klabu. MAZOEZI. Namba asiiguse. Na muda wote huo bado anaweza kufuatwa nyumbani apimwe, kwa hiyo sindano za mitaani aziogope kama nyoka. Tarehe ya mwisho ya adhabu asiitoe kichwani mwa kiongozi yeyote, aipate kwa maandishi kutoka kwa waliomfungia. Akiwa na shaka kuhusu jambo lolote, awaandikie hao hao na asubiri jibu la maandishi.

Mnaomtaja Valverde mnamtaja kwa sababu nisiyoielewa. Valverde alifungiwa kuanzia mwanzo wa 2010 hadi siku ya mwisho ya 2011. Hukumu ilitoka mwishoni mwa mwezi wa 5, 2010 ikihesabiwa kurudi nyuma, na matokeo ya mbio alizokuwa amepanda mwaka ule yakafutwa. Tangu hukumu ile mpaka adhabu ilipoisha hakuvaa namba. Mwezi wa 1, 2012 akaenda Australia kwenye Tour Down Under na akashinda hatua kwenye mashindano yake ya kwanza tu. Mwaka 2018 kule Innsbruck akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 38. Mkitaka kumchukia kwa yale ya zamani mchukieni, nawaelewa, mchezo huu umetuumiza tangu enzi za Festina, timu iliyonaswa na dawa kwenye Tour de France mwaka 1998, na kila mmoja ana jeraha lake. Lakini kurudi kwake kulianzia kwenye kusubiri, na hilo ndilo mnaloliruka.

Nisikilize, mkuu. Najua mnampenda. Najua klabu haina mtu mwingine wa kuvuta kundi kwenye ule upepo wa barabara ya Hombolo, na najua yeye mwenyewe anawasumbua kila siku kwamba yuko tayari. Yuko tayari kweli. Mimi pia nilikuwa tayari. Yeye ana nafasi ya kupanda mbio nyingine nyingi kama atakosa hii moja.

Wadau wengine endeleeni na ugomvi wenu wa msamaha, mimi nasubiri jambo moja tu. Nenda kwa katibu wenu, kata jina lake kwenye ile orodha, mwambie kijana uso kwa uso hata kama atalia. Kisha rudi hapa uandike kwamba limetoka, nisome.